Kidole cha Mtoto wa Dobi

Mtu akitaka kunitukana aniite jina lolote, nitanyamaza. Ila asithubutu kusema kwamba kitu kilichotoka nyumbani kwangu ni kichafu. Mimi ni dobi, mama yangu alikuwa dobi, na shuka zinazoanikwa kwenye kamba zangu unaweza kumtandikia bibi harusi. Sasa fikiria hali yangu siku binti yangu aliporudi kutoka chuoni, akaegemea mlango, akaniambia mashine ya serikali imekataa kidole chake.

"Imekataa kwa nini?"

"Imeandika hakisomeki, mama. Afisa akaniambia nikakifute vizuri."

Akifute vizuri! Nilikuwa nimeshika kola ya shati la watu, nusura niichane.

Binti yangu tunamwita Povu, kwa sababu alijifunza kutambaa akizunguka mabeseni, na siku ya kwanza kusimama alisimamia ukingo wa beseni akaishia ndani. Kazi ya kufua aliijua kabla ya kujua kusoma. Kisha akajua kusoma kuliko alivyojua kufua, akafaulu, akapata nafasi kwenye chuo cha afya kusomea maabara, mambo ya kupima damu za watu. Ada ya chuo kile hata tungeuza kamba na vibanio vyake tusingeifikia. Lakini kuna ruzuku ya serikali kwa watoto wa wazazi wasio na uwezo, na jina lake lilitoka. Nililiona mwenyewe ubaoni. Baba yake alilisoma kwa sauti mpaka mlinzi wa geti akatuomba tusogee na wengine waone.

Kumbe jina kutoka ni jambo moja, na fedha kutoka ni jambo jingine. Serikali ilishawahi kuibiwa na wanafunzi hewa, majina matupu yaliyokuwa yanalipiwa ada huku hayana hata mwili wa kukalia kiti. Kwa hiyo sasa kila mwanafunzi lazima aende kwenye ofisi ya ruzuku aweke dole gumba kwenye mashine, ijulikane ni yeye yule aliyejiandikisha. Asipofanya hivyo kabla uhakiki haujafungwa, fedha zinarudi zilikotoka, naye haruhusiwi kufanya mtihani. Na asiyefanya mtihani anarudi nyumbani. Povu wangu, ambaye nilimbeba mgongoni huku nafua, mpaka leo kiuno kinanikumbusha, alikuwa anasubiri mashine iseme kama yeye ni mtu au ni hewa.

"Njoo hapa," nikamwambia. "Lete hiyo mikono."

Kilichofuata ni kosa ambalo ni dobi pekee angeweza kulifanya. Nilichukua sabuni ya unga, nikachukua na ile dawa ya kung'arishia mashati meupe, nikachukua jiwe la kusugulia visigino, nikamkalisha kwenye kigoda, nikavisugua vile vidole kama kola ya fundi magari. Nilisugua mpaka vikawa vyekundu. Povu aliuma meno akavumilia, maana na yeye ni mtoto wa dobi na tusi lilikuwa limemwingia. Asubuhi akaenda ofisini amenyoosha mikono mbele, asiguse kitu njiani.

Hakisomeki.

Nikaongeza dawa. Akaenda tena. Safari hii mashine haikutoa hata ule mlio wake wa kufikiria, ilikataa papo hapo. Nikasema basi ni uchafu wa ndani, tukaloweka mikono kwenye maji ya magadi tangu chakula cha mchana mpaka jua likazama. Mume wangu akapita, akatazama, akauliza kama tunataka kumpika. Mume wangu huyo watu humwita Pasi, kwa kuwa tangu tuoane yeye ni wa kunyoosha tu, maji hayagusi. Nikamwambia akanyooshe alikokuwa ananyoosha.

Mara ya nne nilijifunga kanga vizuri nikaenda naye.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba chembamba, meza moja, mashine ndogo yenye kioo na taa mbili, nyekundu na ya kijani, na nyuma yake mtu wa makamo mwenye shati lililokaushwa bila kukung'utwa. Nilikuwa nimeshampa jina kabla sijamwona: Bwana Rudi-Kesho. Nilimweka Povu mbele yake.

"Mwangalie huyu mtoto. Ni hewa huyu?"

"Mama, shikamoo," akasema. Nikaitikia, maana adabu haina ugomvi. "Namwona. Jina lake lipo, picha yake ipo, hata mimi ningemtambua sokoni. Lakini mfumo hauna mahali pa kuandika kwamba nimemwona."

"Si kuna vidole vingine?"

"Alijiandikisha kwa dole gumba. Ndilo linalotambulika."

"Basi tukate rufaa."

Alijikuna shingo. "Rufaa ipo, mama. Inajazwa humuhumu kwenye mfumo." Nikaona kabisa kwamba anaona aibu. "Ila ili ifunguke, mwombaji anaweka kidole."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikaishia kukaa kwenye benchi nje. Na pale kwenye benchi ndipo nilipowaona wenzetu. Kulikuwa na kijana anayechanganya saruji kwenye majengo kila chuo kikifungwa, na dada mmoja anayesugua sakafu za hoteli. Wote walikuwa wamekataliwa, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Niliwaambia wanyooshe mikono niione, wakainyoosha kama watoto wa shule wanaokaguliwa kucha. Ncha za vidole vyao zilikuwa laini, zinateleza, zimekwisha kabisa. Nikatazama za Povu, halafu nikatazama zangu.

Nikasema kwa sauti, sikujali nani anasikia, kwamba huu msaada ni wa watoto wa maskini, lakini unataka kidole ambacho hakijawahi kufanya kazi. Yule wa saruji alirudisha mikono mfukoni.

Njiani Povu alisema ataacha, atatafuta kazi, labda mwakani. Kilichoniuma ni kwamba ni mimi niliyemfundisha kazi ile, na kazi ile ndiyo iliyomfuta.

Juma lililofuata alikuwa bado anahudhuria masomo, maana hakuna aliyemfukuza bado. Siku hiyo nilikuwa uani naanika shuka za nyumba ya wageni, nikasikia mtu anakuja mbio akizipangua shuka zangu kwa mikono. Nikafungua mdomo nimkaripie. Alikuwa Povu, anahema.

"Mama, leo tumefundishwa ngozi."

"Hongera. Shika upande huu."

"Mama, acha kwanza. Sikiliza." Alinishika mkono na kibanio changu ndani yake. "Ile michoro ya vidole haijafa. Imelika juu tu. Ngozi ya juu inakufa na kuota upya kila siku, na mchoro wenyewe hauko juu. Uko chini. Ngozi ikiachwa ipumzike, inaota na mchoro uleule. Mstari kwa mstari. Mwalimu kasema hata ukiungua kidogo, unarudi uleule."

Sikuelewa. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi kwenye mambo ya darasani ni mgumu. Povu akatazama huku na huku, halafu akashika shuka iliyokuwa kwenye kamba, akaukunjua upindo wake.

Hapo inabidi nieleze kitu. Dobi anayejua kazi hatii alama ya mwenye nguo mahali panapoonekana. Ukiandika juu, maji yanafuta, jua linafuta, pasi inafuta. Sisi tunatia kwa uzi, vitone vidogo, ndani ya upindo, na kila nyumba ina mshono wake. Nguo itafuliwa mpaka ipauke, mpaka mwenyewe aikane, lakini ukiufungua upindo utakuta alama pale pale ilipowekwa siku ya kwanza. Katika uhai wangu wote wa kazi sijapoteza nguo ya mtu kwa sababu ya uzi huo.

"Ni hivi, mama," Povu akasema, kidole chake kikiwa juu ya vile vitone vyekundu. "Alama yenyewe iko upande wa ndani wa upindo."

Nilikaa chini kwenye beseni lililopinduliwa, nikamwambia aseme tena.

"Na nani huitia?" nikauliza.

"Hakuna anayeitia, inajichora. Mtoto akiwa tumboni, mapema kabisa, kabla hata mama hajaanza kumsikia akicheza. Na hakuna watu wawili wenye mchoro mmoja. Hata mapacha."

Nilikumbuka. Mimba yake sikuijua upesi. Nilikuwa nafua mablanketi ya wodi ya hospitali, yale mazito yanayokunywa maji kama ng'ombe, na kila jioni nilikuwa nahisi uchovu nisioujua, nikamlaumu Pasi, nikalaumu mablanketi. Kumbe wakati huo nakunja mgongo juu ya beseni, ndani yangu kuna kidole kisichozidi punje ya mchele kinachorwa mistari yake, taratibu, bila haraka, bila kunishirikisha. Mimi mwenye tumbo sikujua. Nikasema Mungu wangu. Nilishika dole gumba la Povu, lile lile nililolisugua kwa jiwe la visigino, nikaliona kama kitu kisicho changu. Nilipomaliza kustaajabu nilianza kulia, nikamwambia anisamehe kwa lile jiwe, naye akacheka akasema hata yeye alikuwa anasugua akiwa peke yake.

Pia tukaelewa kwa nini kidole kilisomeka siku ya kujiandikisha. Ulikuwa mwaka wa mtihani wake wa shule, nami nilikuwa nimemkataza kugusa beseni ili asome. Vidole vilikuwa vimepumzika. Baada ya mtihani akarudi kwenye sabuni kusubiri chuo, akaendelea kila anaporudi kutoka darasani, na hapo ndipo tulipoanza kumfua pamoja na nguo.

Tangu siku hiyo Povu hakugusa maji. Hata kikombe chake nilikiosha mimi. Alipakwa mafuta ya mgando asubuhi na jioni, na kuoga aliogea na mifuko ya plastiki mikononi, amefungwa kamba kwenye vifundo vya mikono. Kazi yake ikaniangukia mimi. Pasi, Mungu ampe thawabu, alivua saa akasema atafua. Siku ya kwanza aliloweka gauni jekundu pamoja na shuka za nyumba ya wageni, zote zikatoka na rangi ya ufizi. Nikamrudisha kwenye meza yake ya kunyooshea. Kila mtu na aliloandikiwa.

Povu aliazima kioo cha kukuzia kutoka maabara, na kila asubuhi tulikaa mlangoni kwenye mwanga, yeye, mimi na Pasi, vichwa vimegongana, tukitazama dole gumba. Mwanzoni palikuwa peupe, pamenyooka kama kitambaa kilichotoka kwa mume wangu. Siku zilikwenda. Uhakiki ulikuwa unakaribia kufungwa na mimi nilikuwa na roho juu. Kisha asubuhi moja Povu akasema, "Hapa pembeni." Nikachukua kioo. Palikuwa na mistari, myembamba kuliko uzi wowote niliowahi kuutunga, imelala sambamba, inapinda pamoja. Haikuwapo jana. Pasi aliomba atazame, akatazama muda mrefu, akarudisha kioo bila kutania, na yule mtu hutania hata msibani.

Ila katika siku zile kuna siku moja tulikaribia kuharibu kila kitu. Wodi ilileta mablanketi, na mikono yangu ilikuwa imeshapasuka kwenye maungio ya vidole, sabuni ikiingia naona nyota. Nilikuwa nimegeuka kutafuta ndoo. Nilipogeuka tena, Povu alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni la magadi, amekunja mikono ya blauzi.

"Povu."

"Siwezi kukaa nakutazama, mama. Unatoka damu."

Nilimkamata viganja vyote viwili, vidole vikiwa shubiri moja juu ya maji. Alikuwa na nguvu, na mimi nilikuwa nimechoka, tukabaki hivyo tumekamatana kama wanaopigana mieleka.

"Ukitia mkono humu, damu yangu yote itakuwa imemwagika bure," nikamwambia. "Unasikia? Bure. Inuka ukasome."

Aliinuka. Alilia akielekea ndani, na mimi nikayamaliza mablanketi.

Siku moja katika zile za mwisho za uhakiki tulikwenda wote watatu. Benchi lilikuwa limejaa. Yule kijana wa saruji alikuwepo, na yule dada wa hoteli. Bwana Rudi-Kesho alituona akashusha macho, akajua tumekuja kukataliwa kwa heshima.

"Weka," akasema.

Povu akaweka. Taa nyekundu. Hakisomeki.

Pasi alikohoa. Povu mwenyewe hakutikisika, alilitazama lile dole, akalipumulia pumzi ya moto kama mtu anayesafisha miwani, akasema, "Naomba tena."

"Weka. Usikandamize. Liache lilale lenyewe."

Mashine ilitoa ule mlio wake wa kufikiria. Ilifikiri, ikafikiri. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza ya serikali na sikumbuki niliushika lini. Taa ya kijani ikawaka. Bwana Rudi-Kesho alikuwa anatazama skrini. Kisha akaigeuza upande wetu, jambo ambalo nadhani hawaruhusiwi.

Palikuwa na picha mbili, kando kwa kando. Moja ilikuwa ya siku ya kujiandikisha, na nyingine ya dakika ile. Nilikuwa nimeiona ile mistari kwa kioo mlangoni, lakini pale ilikuwa mikubwa kama sahani: mviringo katikati, mistari ikiuzunguka, mmoja ukigawanyika mara mbili chini kushoto. Na kwenye picha ya pili, mviringo ule ule, na chini kushoto mstari ule ule ukigawanyika pale pale. Katikati ya picha hizo mbili kulikuwa na sabuni yote ile, na dawa ya kung'arishia, na magadi, na jiwe langu. Vyote havikuwa vimebadilisha hata mstari mmoja.

"Ni yeye," akasema Bwana Rudi-Kesho polepole. Halafu nikamwona anainua dole gumba lake mwenyewe, analisogeza karibu na macho, analitazama kama mtu aliyeletewa kitu alichokisahau.

Nje, Povu alisimama mbele ya benchi akawaeleza wenzake yote, akamkabidhi kijana wa saruji kile kioo cha kukuzia. Kijana alisikiliza vizuri. Kisha akauliza, "Na nikiipumzisha mikono, nitakula nini?" Dada wa hoteli alisema yeye ana likizo kidogo, atajaribu. Bwana Rudi-Kesho alitoka na karatasi akaibandika mlangoni, kwamba wanaofanya kazi za mikono waje wamwone mapema, kabla muhula mpya haujaanza. Haikuwa na muhuri. Niliisoma nikaamua kumtafutia jina jingine.

Povu alifanya mtihani, na siku kilipofungwa chuo alirudi nyumbani na jozi mbili za glavu za mpira. Nikamwambia dobi wa glavu ni mpishi asiyeonja. Dobi anaujua uchafu kwa ncha za vidole. Alivaa zake, akakaa kwenye kigoda changu, akavuta beseni langu, akasema likizo hii anayepumzika ni mimi, na Pasi akasimama nyuma yake kama askari. Nilipiga kelele. Nilipiga kelele siku tatu mfululizo, kisha nikachoka, nikakaa kivulini nikipakwa mafuta ya mgando kama mzazi aliyejifungua, na kukosoa kazi za watu.

Asubuhi moja Povu aliniletea kioo. Kilikuwa kimerudi, yule wa saruji alikuwa amekipitisha kwa dada wa hoteli, naye akakileta baada ya kidole chake kusomeka.

"Tazama," akaniambia.

"Nitazame nini? Mimi vyangu viliisha kabla hujazaliwa."

"Tazama tu, mama."

Nilitazama. Kwenye dole gumba langu, chini ya ufa uliokuwa unajifunga, kulikuwa na mistari. Michache, inapinda pamoja, inakwenda mahali ilipokuwa inajua. Sikuwahi kuiona maishani mwangu, kwa maana nilianza kufua kabla ya kuwa na akili ya kujitazama. Mama yangu naye alikuwa dobi. Wakati mistari hii inachorwa, naye alikuwa ameinama juu ya beseni la mtu, amechoka uchovu asioujua.

Miaka yote nimetia alama nguo za watu ili zisipotee. Sikujua kwamba na mimi nilikuwa nimetiwa.

Nilikaa pale mlangoni mpaka jua likafika miguuni. Kisha nikamwambia Povu anisogezee jozi ya pili ya zile glavu, maana shuka za nyumba ya wageni zilikuwa bado hazijaguswa.